Chumvi ya Haluli Ipatikanayo Mapangoni
(Hotuba iliyosomwa mbele ya watu wa Dutumi)



Nimeombwa niseme nanyi habari za mawe meupe, kwa kuwa kila aonaye kitu cheupe king'aacho ardhini hudhani amepata mali, na wengine hukitia ulimini wapate kujua ladha yake. Basi yafaa mjue kwanza kwamba vitu vyeupe vya ardhini si kabila moja. Udongo mweupe wa Pugu, katika wilaya ya Kisarawe, ni kaolini. Hauna chumvi ndani yake, nao ni udongo wa kufinyangia vyombo vizuri. Jasi ya Makanya, kule Same, ni jiwe la salfa na chokaa lililo laini hata ukucha hulikwaruza, nalo hutiwa katika saruji. Magadi mnayajua jikoni. Lakini leo nataka kuwaeleza habari za ndugu wa jasi, ambaye ni adimu kuonekana, nao wataalamu humwita mirabiliti.

Mtu wa kwanza aliyeieleza vema chumvi hii alikuwa mganga na mjuzi wa dawa wa Ujerumani, jina lake Johann Rudolf Glauber, aliyezaliwa mwaka 1604 na kufa mwaka 1670. Aliipata katika maji ya chemchemi, na baadaye akaitengeneza mwenyewe kwa chumvi ya kawaida na asidi ya salfa. Aliiita kwa Kilatini chumvi ya ajabu, maana aliona jinsi inavyosafisha tumbo, na kwa miaka mingi waganga wa Ulaya waliitumia kuwa haluli. Ile chumvi ya haluli inayouzwa madukani aghalabu ni nduguye mwingine, mwenye magnesi mahali pa sodiamu. Kazi yao tumboni ni moja.

Ajabu yenyewe, kwa maoni yangu, si kuharisha. Ajabu ni maji. Ukipima ratili mia za mirabiliti, zaidi ya ratili hamsini na tano ni maji matupu, yaliyofungwa ndani ya fuwele, nawe ukiishika huoni unyevu wowote. Ni nyeupe au angavu kama kioo, laini, nyepesi kwa jiwe, na ladha yake huanza kwa ubaridi kisha huwa chumvi yenye uchungu. Ikiachwa katika hewa kavu, maji yale hutoka kidogo kidogo, na kipande kilichokuwa kama bilauri huwa unga mweupe, ambao jina lake ni thenarditi. Ikipata joto lipitalo digrii 32 kidogo, huyeyuka katika maji yake yenyewe. Mvua nayo huichukua mara moja. Kwa hiyo hapa kwetu pwani, penye jua la Januari na masika ya Aprili, chumvi hii haina maskani juu ya ardhi. Yataka mahali penye baridi, pasiponyewa na mvua.

Mahali pa namna hiyo ni ghuba ya Kara-Bogaz-Gol, kando ya bahari ya Caspian katika nchi ya Turkmenistan. Maji yake ni makali sana kwa chumvi, na wakati wa baridi mirabiliti hujitenga na kutuama, kisha joto likirudi huyeyuka tena. Watu huichukua kwa kazi za kutengeneza kioo, karatasi na sabuni ya unga.

Mahali pengine ni karibu nasi zaidi: mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mlima huo ulikuwa wa moto zamani za kale, na kilele chake kina mita 4,321. Upande wa Kenya yako mapango makubwa, na lililo mashuhuri ni Kitum, linaloingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Mwamba wake ni majivu ya volkano yaliyoshikamana, na ndani yake mna chumvi za sodiamu, na mirabiliti ikiwamo. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, aliyaona mapango ya mlima huo mwaka 1883, akadhani yamechimbwa na watu wa kale.

Wachimbaji wakubwa walikuwa ndovu. Usiku huingia gizani wakipapasa njia kwa mikonga, hata wafike ukutani. Hapo huvunja mwamba kwa pembe zao, wakautafuna. Sababu ni kwamba mvua nyingi huosha chumvi ya ardhi ya mlimani, na majani ya msituni hayawatoshi. Nyati na pongo hufuata mabaki, na Wasabaot nao tangu zamani waliwaingiza ng'ombe wao humo walambe. Bwana Ian Redmond aliwatazama ndovu hao kwa muda mrefu miaka ya 1980, na miaka hiyohiyo majangili, waliojua watakakopita, waliwaua wengi kwa ajili ya pembe.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa ninyi vijana. Mwaka 1980 mtu mmoja Mfaransa aliingia Kitum, na mwaka 1987 kijana wa Kidenmark; kila mmoja aliugua homa ya Marburg baadaye, akafa. Chumvi haina lawama. Wataalamu waligundua baadaye kwamba ugonjwa huo hukaa katika popo wa matunda waishio mapangoni. Tanzania nayo iliuona mkoani Kagera mwaka 2023. Mahandaki ya zamani ya kaolini kule Pugu yana popo wengi. Sisemi kwamba yana ugonjwa; nasema kwamba kuingia humo na kulamba ukuta kwa kutafuta chumvi ni upumbavu, tena faida hakuna, kwa kuwa ule ni udongo tu.

Atakaye kujua alichookota, aache ulimi. Atie kidogo katika kikombe cha maji: kaolini huchafua maji kisha hutuama, jasi hukaa chini karibu yote, mirabiliti huyeyuka upesi. Kingine akikamulie ndimu: magadi hutoa povu, mirabiliti haitoi. Na akiona bado ana shaka, akitie kitu hicho katika chupa iliyofungwa sana, kisigeuke unga njiani, akipeleke kwa maafisa wa madini, ambao makao ya uchunguzi wao wa miamba yako Dodoma tangu mwaka 1925. Aandike na mahali alipokiokota, na kina chake, na kama palikuwa pakavu au pana majimaji.