Maradhi ya Nyongo Hayaulizi Kabila

Katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 40 na ushei kaskazini ya Lilongwe, iko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Enzi za Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakageuzwa makazi ya wakimbizi, yakikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo yamebeba zaidi ya 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na wengine kutoka Ethiopia na Somalia. Kituo cha afya cha hapo huwatibu pia Wamalawi wa vijiji jirani. Kwa hiyo benchi moja la wagonjwa hukaliwa na Mbembe, Mfuliiru, Mhutu, Mtutsi na Mchewa.

Miongoni mwa maradhi yanayowasawazisha watu wa namna hiyo ni yale ya mirija ya nyongo. Ini hutengeneza nyongo kila siku, na mirija myembamba huipeleka matumboni ili isage mafuta ya chakula. Mirija ikiziba au ikikakamaa, nyongo hurudi nyuma, huingia katika damu, na ini lenyewe huanza kuharibika polepole na kupata makovu.

Vyanzo vya kuziba ni vingi. Yako mawe ya nyongo, ambayo huwapata mapema wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ulioenea katika Afrika ya Kati na Mashariki. Uko mchango, mnyoo mrefu unaoweza kupanda kutoka utumboni hadi ndani ya mrija. Wako watoto wanaozaliwa na mirija isiyopitisha kitu. Na uko ugonjwa sugu ambao mirija huvimba na kupata makovu kwa miaka mingi bila chanzo chake kujulikana, mara nyingi ukifuatana na vidonda vya utumbo mpana.

Kwa muda mrefu ugonjwa huo sugu ulidhaniwa kuwa wa watu wa Ulaya ya Kaskazini. Dhana hiyo imepingwa na ushahidi. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba Wamarekani weusi nao huugua, na kwamba walioandikishwa kupandikizwa ini walikuwa na umri mdogo kuliko wenzao weupe. Ni dhahiri basi kwamba tabibu anayetazama rangi au kabila kabla ya kutazama macho ya mgonjwa huweza kupotewa na wakati usiorudi.

Dalili zenyewe hazihitaji elimu kubwa kuzitambua. Macho huwa manjano, mkojo hukolea kama chai ya rangi, choo hupauka kama udongo mfinyanzi, na mwili huwasha bila ya upele. Katika kambi za wakimbizi, kama katika makambi ya askari, muwasho hudhaniwa kuwa upele, na umanjano hudhaniwa kuwa malaria. Malaria kali nayo huweza kuleta umanjano. Ndiyo maana damu hupimwa badala ya kukisiwa. Umanjano ukifuatana na homa ya kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia, hiyo ni hatari ya saa, si ya siku. Na mtoto mchanga ambaye umanjano wake umepita wiki mbili, huku choo chake kikiwa cheupe, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwani upasuaji wa kumsaidia hufaa zaidi kabla hajatimiza miezi miwili.

Hapo ndipo kazi ya askari inapokutana na kazi ya daktari. Picha ya ini na upasuaji havimalizwi katika kituo cha kambi; mgonjwa hupelekwa Dowa, au Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe. Lakini Malawi, iliyojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yake juu ya uhuru wa kwenda watakapo, na mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Vyombo vya usalama vikatumika kulitekeleza agizo hilo. Sheria ni sheria, na askari hatungi sheria. Lakini askari aliyesimama kizuizini ndiye anayeamua kama mgonjwa mwenye barua ya rufaa atapita kwa dakika tano au atakaa juani mpaka jioni.

Jambo hilo haliwahusu Wamalawi peke yao. Tanzania inayo Nyarugusu mkoani Kigoma, na Kenya inazo Dadaab na Kakuma. Kila mahali askari hukutana na raia wa lugha nyingi wenye karatasi mkononi. Kumtambua mgonjwa na kumpisha si kulegeza ulinzi. Mwovu huweza kughushi barua, lakini ni vigumu kughushi macho ya manjano.

Na askari mwenyewe asijisahau. Pombe huliongezea ini lililojeruhiwa mzigo, na baadhi ya dawa za mitishamba hulidhuru. Aliyezoea kuvumilia maumivu kwa sababu ya heshima ya gwanda na akumbuke kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nyongo iliyozibwa haisomi cheo begani, kama isivyosoma kabila katika kitambulisho cha mkimbizi.