Kupiga Picha Mandhari na Majengo ya Kale: Kutoka Nanganga Hadi Lindi

Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na wageni katika maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika



Kamati ya maadhimisho imeniomba nieleze namna nilivyozipiga picha za majengo yetu ya zamani ambazo zimo katika kitabu hiki. Sitaweza kueleza hilo bila kuwarudisha kwanza Nanganga nilikozaliwa, kwa sababu kazi hii nilijifunzia huko, na kosa langu kubwa nililifanyia huko.

Nanganga ni mahali pa njia panda. Barabara itokayo pwani kwenda Masasi hukutana hapo na ile iendayo Ruangwa na Nachingwea, na jirani yake unapita mto Lukuledi. Mto huo ndio uliokuwa barabara yetu ya kwanza. Bonde lake ndilo walilolifuata wapagazi, wafanya biashara, wamisionari na majeshi, kutoka Lindi, kwenye mlango wake baharini, hadi bara. Mwenye kutaka kuiona historia ya Kusini kwa macho aufuate mto huo akiwa na kamera.

Ataanza Lindi, penye boma la Wajerumani na nyumba za mawe na chokaa. Atakuta nafasi nyingi zilizo wazi, kwa kuwa kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1952 kiliuharibu sana mji ule. Akipanda na bonde atafika Nyangao, kituo cha Wabenediktini kilichoanzishwa mwaka 1896 na kuchomwa moto katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Jirani na hapo ni Mahiwa, ambako mwezi Oktoba 1917 Waafrika wengi walikufa katika vita vya Wazungu. Mbele yake ni Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906 chini ya ukingo wa nyanda za juu za Makonde. Kisha yatatokea majabali ya Masasi, ambako mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Kanisa la Anglikana aliwaweka watu waliokombolewa utumwani. Na akipanda Newala, asimame Shimo la Mungu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni kuelekea Ruvuma. Sisi Walutheri hatukuwa wa kwanza huko, na si aibu kukiri kwamba ndugu zetu wa madhehebu mengine walitutangulia kujenga.

Kuhusu ufundi nitasema machache. Jengo la kale hupigwa picha asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limelala, maana hapo ndipo nyufa, alama za mwiko na mawe yaliyozibwa huonekana. Jua la saa sita hufuta yote. Piga kwanza upande wa mbele wote, kisha pembe, mlango, dirisha, na mwisho namna paa lilivyokalia ukuta. Omba ruhusa kwa mwenyeji kabla ya kufungua kamera. Hayo niliyafahamu tangu ujana. Nililokuwa silifahamu ni hili nitakalowasimulia.

Palikuwa na nyumba ya zamani kule kwetu, ya mawe na udongo, yenye baraza pana lililotazama barabara. Nilikuwa na kamera ya filamu, na filamu yenyewe ilikuwa ghali, kwa hiyo kila picha niliihesabu. Barazani alikuwa ameketi mzee mmoja. Nilimwamkia, nikamwomba kwa adabu asogee kidogo pembeni, ili ukuta uonekane vizuri. Akainuka, akachukua mkeka wake, akaenda kusimama chini ya mwembe mpaka nilipomaliza. Picha ilitoka safi sana, nami nikajisifu.

Miaka michache baadaye masika yalikuwa makali, nyumba ile ikaanguka. Nilipofika likizo, mjane wa mzee yule alinijia kuuliza kama bado ninayo picha. Nilifurahi, nikamkabidhi. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, ukuta nimeuona. Aliyeujenga yuko wapi?" Ndipo nilipojua kwamba mzee niliyemwondoa ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba ile, na kwamba hakuwahi kupigwa picha nyingine maishani mwake. Bibi yule hakunilaumu. Alinishukuru, akaikunja ile picha katika kanga yake, akaenda. Mimi ndiye niliyebaki bila la kusema.

Tangu siku hiyo ninazitazama picha za kale kwa jicho jingine. Mwaka 1906, kabla mwaka haujatimia tangu moto wa Maji Maji uwake katika bonde letu, Profesa Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alitembea kutoka Lindi hadi Masasi, Newala na Mahuta. Alikuwa na kamera, tena na mashine ya kunasa sauti. Kwa kazi yake tunaziona leo nyuso za mababu zetu, nasi tunapaswa kushukuru. Baadhi yao aliwaandika kwa majina, kama Matola, mkuu wa Wayao wa Chingulungulu. Lakini wengi wamebaki kuwa wanawake wa Kimakonde tu, au vijana wa Kimakua tu. Sura imehifadhiwa miaka zaidi ya mia moja, na mwenye sura hajulikani.

Ndugu zangu, tusiwanyoshee wageni kidole. Katika kabati la ofisi ya usharika wetu ipo picha ya siku ya kuweka jiwe la msingi. Jina la mmisionari limeandikwa nyuma kwa wino mzuri. Kuna wanaume kumi na mmoja wenye majembe na mwiko, na akina mama sita wenye mitungi ya maji vichwani. Hakuna hata jina moja lao. Nimezunguka na picha hiyo kwa wazee wetu, nasi tumewatambua watu wanne tu. Waliobaki ni kumi na watatu. Kila tunapomzika mzee mmoja wa usharika, nafasi ya kuwatambua inapungua.

Kwa hiyo nina ombi moja. Baada ya chakula, picha zote za zamani zitapangwa mezani chini ya mti. Pitieni kila mmoja na wazee wenu. Anayemtambua mtu amwambie katibu, naye ataandika nyuma ya nakala kwa penseli laini, kwa maana wino hupenya karatasi na kuiharibu sura. Msiogope kukosea, majina mawili yenye shaka yaandikwe yote mawili. Na ninyi vijana wenye simu za kupigia picha, mnapolipiga kanisa hili, msimwondoe mtu mlangoni.

Wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto, ili watoto watakapouliza maana yake wapate jibu. Mawe yale peke yake yasingejibu neno; alihitajika mzazi wa kusimulia. Majengo yetu ni mawe ya namna hiyo. Tuwaachie watoto wetu mawe, na tuwaachie pia majina ya walioyabeba.

Mungu aubariki usharika huu katika miaka mia nyingine.