Mgawo Usio na Kuni

Vita vya mashariki mwa Kongo husimuliwa kwa majina ya miji iliyoanguka mikononi mwa waasi wa M23. Bunagana, Juni 2022. Goma, mwishoni mwa Januari 2025. Bukavu, wiki chache baadaye. Jioni hii naomba tuvitazame tukiwa jikoni. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya mateso ya mama aliyekimbia kwao huanza akishafika kambini, na chanzo chake kimojawapo ni namna msaada wenyewe unavyotolewa. Hupewa chakula kibichi bila kitu cha kukipikia. Upungufu huo huufidia kwa miguu yake, kwa saa zake, na mara nyingi mno kwa mwili wake.

Kambi za Kanyaruchinya, Rusayo, Bulengo na Lushagala zilisimama pembezoni mwa Goma, juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mwamba huo hauchimbiki kirahisi, ndiyo maana vyoo vilijengwa juu ya ardhi, vikajaa upesi, na kipindupindu hakikukawia. Wala hauoteshi miti ya kutosha maelfu ya mafiga. Miti iko Virunga, hifadhi iliyotengwa mwaka 1925, ambamo makundi yenye silaha yamejichimbia kwa miaka mingi. Sasa tazameni mgawo wa kawaida: unga wa mahindi, maharage makavu, mafuta, chumvi. Maharage yasiyolowekwa hukaa motoni saa mbili au tatu. Kuyaloweka kunataka maji na chombo cha ziada, na katika hema la turubai vyote viwili ni adimu; kwa hiyo mama huingia msituni kutafuta kuni. Mwaka 2023, Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na Wizara ya Afya, walihudumia zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini Kongo, wengi wao Kivu ya Kaskazini, katika kambi za jirani na Goma. Karibu wote walikuwa wanawake na wasichana. Wengi walieleza kwamba walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni, maji au chakula.

Huulizwa: mbona wanaume hawaendi wao? Swali hili huulizwa kwa sauti ya lawama, kana kwamba jibu lake ni uvivu au mila. Mwanamume akikutwa msituni huhesabiwa kuwa askari wa upande wa pili au jasusi; huuawa, au hulazimishwa kubeba bunduki. Watafiti walisikia maelezo ya namna hiyo hiyo Darfur miaka ishirini iliyopita. Familia hupima kifo upande mmoja na ubakaji upande wa pili, kisha mama huchukua kamba na panga. Anayewalaumu kwa uamuzi huo aseme kwanza yeye angemtuma nani.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kugawa kuni pamoja na chakula linatoka kambi za wakimbizi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Huko, kuanzia mwaka 1998, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi liligawa kuni ili kupunguza ubakaji. Tathmini iliyofuata ilionyesha kwamba kaya zilipokuwa na kuni za kutosha, ubakaji wakati wa kuokota kuni ulipungua kwa asilimia 45. Lakini ubakaji katika mazingira mengine uliongezeka. Wapo waliotumia matokeo hayo kusema kuni ni gharama isiyo na faida. Mimi nayasoma vingine. Kwanza, kuni zilizogawiwa zilitosheleza sehemu ndogo tu ya mahitaji, hivyo safari za msituni hazikukoma. Pili, mshambuliaji aliyekosa mawindo njiani aliyafuata kwingine, jambo linalodai ulinzi zaidi huko kwingine. Halihalalishi kumrudisha mama njiani. Hakuna anayependekeza kuondoa taa barabarani kwa sababu wezi wamehamia vichochoroni.

Wengine wanapendekeza fedha taslimu: mpeni mama pesa, atanunua mkaa, yaani makala kama wasemavyo Goma. Nakiri fedha humpa uhuru wa kuchagua, na nisingependa ziondolewe. Lakini makala hayo yanatoka wapi? Sehemu kubwa ya makala ya Goma kwa miaka mingi imekatwa Virunga, na biashara hiyo imeijaza mifuko ya makundi yaleyale yanayowafukuza watu vijijini. Barabara ikifungwa na mapigano, bei hupanda siku hiyohiyo, na aliyenacho kidogo hurudi msituni. Kwa hiyo nadhani pa kuanzia ni kwenye gunia lenyewe la chakula. Dengu zilizopasuliwa huiva mapema kuliko maharage. Majiko ya pamoja yanaweza kulisha wengi kwa moto mmoja, ingawa mama wengi, kwa haki kabisa, hupenda kupikia chungu chao wenyewe. Na umeme wa maji wa Matebe, uliofunguliwa mwaka 2015 wilayani Rutshuru, unaonyesha kwamba eneo hilo halina umaskini wa nishati; ugumu ni kuifikisha kwa asiye na anwani.

Sheria nayo imeacha tundu. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika 2012, unataja katika kifungu cha 9 chakula, maji, malazi, matibabu, usafi na elimu. Unataka hata mazingira yanayozunguka waliohamishwa yalindwe yasiharibiwe. Nishati ya kupikia haikutajwa, na mwanasheria atasema imo ndani ya chakula. Ikiwa imo, basi igawiwe pamoja nacho, kutoka bajeti hiyohiyo. Februari 2025, M23 ilipoamuru watu watoke kambini ndani ya siku chache, wengi walirejea Masisi na Rutshuru kwenye nyumba zilizobomolewa, na swali la nani anadaiwa nishati hiyo likawa gumu zaidi. Mkataba una jibu la sehemu: wajibu wa kwanza ni wa dola, kwa hiyo serikali ya Kinshasa haijitoi katika wajibu huo kwa kupoteza mji, na kifungu cha 7 kinayakataza makundi yenye silaha kuzuia msaada usiwafikie waliohamishwa. Lori la kuni likizuiwa kwenye kizuizi cha barabarani, aliyelizuia amevunja katazo lilelile analovunja anayezuia lori la unga.