Mahindi Yenye Kiu Hayali Mbolea



Leo tuzungumze juu ya mbolea ya kukuzia mahindi, na hasa juu ya siku ya kuiweka. Naongea na ninyi wa Masama, wenye kihamba cha migomba na kahawa huku juu, na shamba la mahindi kule tambarare, upande wa Bomang'ombe. Kule chini mvua haiaminiki. Mfuko wa urea ni fedha nyingi, lakini wako wanaoumwaga katika udongo mkavu kwa sababu tu mahindi yamefika magotini na majani bado ni ya kijani. Je, kila jani la kijani linafanya kazi? Siyo lazima. Wataalamu wamelijua hilo kwa kupima vimeng'enya.

Kimeng'enya ni kitu gani? Kina mama wanaopika togwa wanakijua kwa kazi yake, hata kama hawakijui kwa jina. Loweka ulezi, uache uchipue, uanike, kisha usage. Hicho ni kimea. Tia kijiko kimoja katika uji mzito uliopoa kidogo, ukoroge. Baada ya muda mfupi uji unakuwa mwepesi na unaanza utamu. Mbegu inapochipua hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga uwe sukari, ili mche mchanga upate chakula. Lakini ukitia kimea katika uji unaochemka, hupati kitu, maana moto mkali huharibu kimeng'enya.

Sasa chukua bakuli mbili za uji ule ule. Moja itie kimea chako, nyingine kimea cha jirani, kipimo sawa, halafu tazama saa. Kinacholainisha uji upesi ndicho chenye nguvu. Hapo umepima kimeng'enya. Hukukiona kwa macho. Umeona kazi yake na muda wake. Katika maabara nako ni vivyo hivyo.

Ndani ya jani la mahindi kimo kimeng'enya kinachoitwa naitreti ridaktesi. Mizizi huvuta naitrojeni ya mbolea, sehemu kubwa ikiwa katika hali ya naitreti. Mmea hauwezi kujenga mwili wake kwa naitreti hiyo mpaka kimeng'enya hiki kianze kuibadili.

Mtaalamu akitaka kukipima, hukata jani bichi vipande vidogo, huvipima uzito, huviweka gizani ndani ya maji yenye naitreti, joto la nyuzi 30 hivi. Baada ya nusu saa au saa moja hutia dawa, na maji hugeuka rangi ya waridi. Rangi ikikolea, kimeng'enya kimefanya kazi nyingi; ikiwa hafifu, kimefanya kidogo. Majani sharti yachumwe saa ile ile ya siku, kwa sababu kazi hii hupanda na kushuka pamoja na mwanga wa jua. Tena jani la mmea wenye kiu hulinganishwa na la mmea uliopata maji.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walieleza mwaka 1973 kwamba mahindi yakikosa maji, kazi ya kimeng'enya hiki hushuka. Na hushuka mapema, jani likiwa bado kijani. Mvua ikirudi, kama ukame haukuwa mkali mno, nacho hurudi.

Maana yake ni nini kwako, ndugu mkulima? Ukimpa mbolea mmea wenye kiu, umemwandalia chakula asiyeweza kula. Na chakula hicho hakikai kumngoja. Udongoni kuna kimeng'enya kingine, yurizi. Urea ikiachwa juu ya ardhi yenye unyevu kidogo tu, hata wa umande, yurizi huigeuza, na sehemu yake hupaa kama hewa ya amonia. Fedha yako imekwenda na upepo.

Basi fanya hivi. Kwanza, nenda shambani saa tatu asubuhi. Mahindi yanayojikunja saa saba mchana na kujikunjua jioni yanajikinga na jua. Yakiwa yamejikunja tangu asubuhi, yana kiu.

Pili, chimba kina cha shubiri moja, ufinye udongo mkononi. Ukimomonyoka kama unga, funga mfuko wako urudi nyumbani. Ukishikana, kazi iendelee.

Tatu, palilia kwanza, maana magugu hunywa maji ya mahindi. Kisha weka mbolea kando ya shina bila kuligusa, na uifukie siku hiyo hiyo.

Nne, tandaza mabua na majani makavu katikati ya mistari, ili mvua ikinyesha unyevu udumu.

Msingoje kupita kiasi, lakini. Mbolea ya kukuzia iwahi kabla mbelewele hazijatoka. Mvua ya kwanza ikilowesha udongo vizuri, hiyo ndiyo siku yenu. Mfuko uliofungwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu unaweza kuisubiri mvua. Urea iliyomwagwa juani haiwezi.