Radhi Kabla ya Sanda



Nilipopewa mada hii ya kupatana na mzazi mliyekosana, nilianza kuwaza misiba. Msibani hatushindwi. Mtoto ambaye hajakanyaga kwa baba yake miaka 15 anaingia alfajiri na Kosta ya kukodi, analipia turubai, mchele na ng'ombe. Kabla ya kuzika, mtu wa familia anasimama na kutangaza: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane nasi. Sijapata kumsikia aliyejibu, "Namdai malezi." Wala aliyesema, "Ananidai salamu."

Naona tunapenda kupatana na maiti kwa sababu maiti hajibu.

Katika Mwanzo sura ya 25, Isaka na Ishmaeli wanamzika Abrahamu pamoja katika pango la Makpela. Ishmaeli ndiye aliyeondoshwa nyumbani pamoja na mama yake, wakapewa mkate na kiriba cha maji. Biblia haisemi kama baba na mwana walipata kukaa tena wakazungumza. Inatuonyesha kaburi tu. Masheikh mtanikumbusha Al-Baqara, aya ya 127: huko Ibrahim na Ismail wanainua misingi ya Nyumba ya Mungu pamoja. Mimi Mkristo, lakini picha hiyo ya pili ndiyo ninayoitamani, watu wawili hai wakishika kazi moja.

Najua swali linalokuja: na mzazi asiyetubu? Katika hadithi, Asmaa binti Abu Bakr alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume kama aunge udugu naye. Akaambiwa aunge. Hakuambiwa asubiri mama abadilike kwanza. Sura ya Luqman nayo inatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayakoroga: wazazi wakikushurutisha kwenye shirki usiwatii, lakini kaa nao kwa wema. Kwetu Wakristo kuna Marko 7, ambapo Yesu anawakemea waliokuwa wakitamka "Korbani", yaani wakfu kwa Mungu, juu ya mali iliyompasa mzazi. Korbani ya leo ni ahadi ya laki 5 ya bati za kanisa huku mama anakula kwa jirani.

Aliyepigwa au kunajisiwa na mzazi, tusimburute kwenye upatanisho. Anaweza kusamehe asirudi kamwe chini ya paa lile.

Kwa wengine ninapendekeza mshenga. Posa tunampa mtu mzima mwenye ulimi mzuri aende. Kwa nini ugomvi wa miaka 20 tunamwachia mtoto aende peke yake, na hasira zake zote? Mshenga haendi kuamua nani alikosa. Anaomba kibali tu cha salamu.

Wangu alikuwa baba mdogo. Baba alituacha nikiwa darasa la tatu, na mama akatusomesha kwa maandazi. Baba mdogo alikwenda mara 2. Mara ya kwanza hakukaribishwa hata maji. Mara ya pili alirudi na namba ya simu nyuma ya karatasi ya majani ya chai.

Nilikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapiga. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, mengine makali. Alipopokea nikajikuta nasema, "Shikamoo." Sikuwa nimempa neno hilo kwa miaka 22. Kimya. Nikamsikia kuku upande wa pili. Halafu: "Marahaba." Akauliza mvua zimeanza huku? Nikasema bado. Akasema kwake muhogo umeoza kwa maji. Tukaendelea na muhogo mpaka salio likakata. Hakuna aliyetaja radhi siku hiyo, wala kosa.

Jumapili iliyofuata, nikitoka ibadani, nikakuta amenibipu.