Kitanzi Njiani

Masomo: Mithali 12:10, Matendo 15:28-29



Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa kanisa huku Kwale, tulikuwa na sikukuu ya mavuno. Kijana mmoja akatuletea nyama ya porini kwa bei nafuu. Tukainunua, tukapika, tukamshukuru Mungu, tukala. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

Juma lililofuata tulipita kando ya msitu, tukakuta kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli kimefungwa mtini. Ndani yake mlikuwa na mguu wa funo, mguu tu. Mwenyewe alikwisha kujikata, akaenda kwa miguu mitatu kufia tusikokujua. Mzee wetu akautazama, akasema polepole, "Basi hii ndiyo nyama tuliyoiombea Jumapili." Hatukuwa na la kujibu.

Ndugu zetu, kitanzi hakina macho. Hakimjui mwenye mimba wala mwenye kunyonyesha. Aliyetega anataka paa mmoja, lakini hunasa chochote kipitacho, hata palahala, ambaye katika Kenya nzima amebaki Shimba Hills peke yake. Na mtegaji akichelewa, mnyama hukaa hapo usiku na mchana kwa kiu na maumivu.

Mithali yatufundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Mtu atasema, "Huyo ni wa kufugwa, wa mwituni si wangu." Kweli, si wako. Zaburi ya 50 yatuambia kuwa wanyama wa msituni ni mali ya Mungu. Ikiwa twamhurumia ng'ombe wetu, je, tumtese aliye wa Bwana?

Tena mitume walipokutana Yerusalemu waliwaandikia waamini wa mataifa wajiepushe na nyama ya mnyama aliyesongolewa. Jirani zetu Waislamu hawali kibudu. Sisi je, tutakula cha kitanzi bila kuuliza?

Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao wengi waliona ungeufungulia mlango tena. Raia wakapaza sauti, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Hapo twajifunza kwamba kumwombea mtawala ni wajibu wetu, na kumwambia lililo la haki pia ni wajibu wetu.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Yule kijana tulimwita, tukakaa naye. Mahindi yake yalikwisha kuliwa na nyani, na nyumbani kulikuwa na watoto. Alituuliza neno moja: "Nanyi mlionunua je?" Alisema kweli. Mnunuzi naye ni mtegaji, ila hashiki waya.

Basi tukienda barazani kwa chifu, au tukikutana na mjumbe wetu, tuseme mambo mawili pamoja. La kwanza, vitanzi viondolewe msituni na biashara ya nyama hiyo ikome. La pili, mkulima aliyeharibiwa shamba alipwe fidia iliyoahidiwa na sheria ya mwaka 2013, asisubiri mpaka akate tamaa. Anayesema la kwanza na kunyamazia la pili anamwonea maskini. Huko Mwaluganje, tangu miaka ya 1990, wenye mashamba walikubali kuwaachia tembo ardhi yao ili wapate pato kutokana na wageni. Kumbe yawezekana mtu na mnyama wote wakaishi.

Nasi tuanzie jikoni mwetu. Nyama ikiletwa kwa bei nafuu, tuulize. Waya ukionekana njiani, tuwaarifu askari wa wanyamapori.

Na tuombe. Ee Baba, uonaye hata shomoro aangukapo, utusamehe karamu tuliyoila bila kuuliza. Utupe huruma kwa viumbe vyako na kwa jirani mwenye njaa. Katika jina la Yesu. Amina.