Hotuba Juu ya Makufuli, kwa Watu wa Natta



Mwenye ng'ombe hapa Natta hufunga zizi lake kwa magogo na miiba, naye hulala karibu. Lakini mtama wa ghalani, fedha za pamba na vitabu vya watoto twavikabidhi kufuli, kisha twaenda zetu shamba. Basi yatupasa tujue kazi ya kufuli lenyewe.

Ndani ya kufuli la ufunguo bapa mna pini ndogo, mbili mbili, zisukumwazo na springi, nazo huzuia silinda isizunguke. Meno ya ufunguo huinua kila jozi kwa kadiri yake, mpaka maungio yote yalingane na ukingo wa silinda; hapo hufunguka. Wamisri wa kale walikuwa na makomeo ya mti yenye vijiti vya namna hiyo. Linus Yale mdogo, Mmarekani, aliutengeneza mpango huo kwa chuma, akapata hataza mwaka 1861 na 1865.

Kufuli la pini 5, zenye vimo 6 kila moja, laweza kupewa funguo 7,776 mbalimbali. Je, mwizi huzijaribu zote? La. Huikaza silinda kidogo, na kwa kuwa matundu hayakutobolewa sawasawa kabisa, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Huiinua hiyo kwa waya, kisha huitafuta ya pili.

Mafundi wamemjibu kwa njia tatu. Kwanza, hutoboa matundu kwa usahihi zaidi. Pili, hupinda tundu la ufunguo ili waya usipite upesi. Tatu, huchonga pini yenye kiuno chembamba kama cha nyigu: silinda hucheza kidogo, mwizi adhani amefaulu, kumbe pini imenasa kiunoni.

Wako wasemao kwamba kueleza haya ni kuwafunza wezi. Mwaka 1851, huko London, Mmarekani A. C. Hobbs alifungua mbele ya mashahidi kufuli la Chubb kwa dakika 25, na la Bramah kwa saa 51 katika siku 16. Wengi walichukizwa, lakini baadaye makufuli yalitengenezwa bora zaidi. Siri ilikuwa imemfaa mwizi tu.

Basi mnunuapo kufuli, tazameni tundu la ufunguo, msidanganywe na uzito. Tena tumbuu ipigiliwe katika mti mgumu, na skrubu zisionekane nje. Kwa maana mwenye mtaimbo hana haja ya kuchokonoa.